Mzigo umeshafika, bili bado inakuja

Jumatano, usiku

Nimepitia ankara ya msafirishaji mstari kwa mstari na nimeinuka na hasira ambayo sitaki kulala nayo. Si ankara ya mizigo ya wiki hii. Ni ya marekebisho, yaani nauli inayoongezwa baadaye kwa mizigo iliyokwishapokelewa, vivuli vya taa ambavyo wenyewe wameshavitundika ukutani na kuwasha taa. Kwangu hesabu ilikuwa imefungwa. Kwa msafirishaji ilikuwa bado wazi.

Ninauza vivuli vya taa vya kitambaa. Ni vyepesi lakini vinakula nafasi, na kwenye usafirishaji wa haraka wa kimataifa mizani haiamui peke yake. Wasafirishaji wanachukua urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, wanazidisha, kisha wengi wao wanagawanya kwa 5000. Jibu ndilo uzito wa ujazo kwa kilo, nawe unatozwa kwa ule ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Katoni yangu ya 40 kwa 30 kwa 20 inatoa kilo 4.8, ingawa kwenye mizani haifiki hata kilo moja na nusu. Hilo nalijua na nalikubali. Ndege inaweza kujaa kabla haijalemewa, na anayechukua nafasi alipie nafasi. Mteja ninampigia hesabu ya kilo 5, maana huwa wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata.

Sasa kwenye ankara hii katoni ile ile imeandikwa 41 kwa 31 kwa 21. Zidisha, gawanya, unapata 5.34, inapandishwa, natozwa kilo 5.5. Nimetoa katoni mpya stoo, nikaifungasha kama siku zote, nikaishikia futi kamba. Pembeni ni 40 kamili. Katikati, pale karatasi za kujazia zinaposukuma, ubavu umetuna kidogo, na kipimo kinachukuliwa pale palipotuna zaidi. Huenda basi mashine yao imepima sawa. Lakini ankara haikuja na picha, haisemi ni kituo gani wala saa ngapi. Nikitaka kupinga, mimi ndiye ninayetakiwa kuleta ushahidi wa katoni ambayo iko kwa mtu mwingine na pengine imeshachanwa, tena ndani ya siku chache walizozipanga wao. Mwenye kipimo ni yule yule mwenye bili. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, na neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Halafu nusu kilo hiyo haikai peke yake. Tozo ya mafuta ni asilimia, na msafirishaji wangu anaipiga juu ya nauli pamoja na baadhi ya ada nyingine, kwa hiyo kila kinachoongezeka chini kinaongeza na juu. Asilimia yenyewe inabadilika kufuata bei ya mafuta, kwa hiyo bei niliyoweka dukani mwanzoni mwa mwezi inaweza kuwa imeshanipunja kabla mwezi haujaisha. Kuna ada ya eneo la mbali, inayotokana na msimbo wa posta tu, na mteja mwenyewe hajui kwamba anakoishi kumeitwa mbali. Kuna ya kurekebisha anwani, kwa sababu mtu kasahau namba ya nyumba. Ya msimu wa mizigo mingi sitaizungumzia sana, angalau hiyo hutangazwa mapema.

Inayonikosesha usingizi ni ile anayokutana nayo mteja mlangoni. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya hadi euro 22 mwezi Julai 2021. Marekani nayo ikasitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Kodi ni kodi, serikali ina haki yake. Ila msafirishaji anapoilipa kwa niaba ya mteja, anaongeza ada yake mwenyewe kwa kazi hiyo, na kwenye mzigo mdogo ada inaweza kuizidi kodi yenyewe. Mama mmoja aliniandikia: “Ulisema usafirishaji umeshalipwa.” Ni kweli nilisema, na ni kweli nililipa. Yeye akaona nimemdanganya, akaukataa mzigo, na nauli ya kuurudisha ikaja kwangu. Fedha hiyo nitaifidia kwa oda nyingine. Yule mama hatarudi, na simlaumu.

Watu huniambia niongeze tu bei ya kutuma ili niwe salama. Maana yake mteja wa mjini, mwenye anwani kamili, amlipie wa mbali ambaye hamjui, nami nionekane ghali kuliko muuzaji anayeonyesha bei ndogo na kuficha nyingine. Sitaki. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2018 inataka viwango vya kutuma kifurushi kimoja kimoja kuvuka mipaka vichapishwe hadharani, na ni mwanzo mzuri, lakini kinachoniumiza mimi ni vinavyopandishwa baadaye. Nauli ya mwisho itajwe kabla sijabandika lebo. Ikibadilika, inifikie na picha ya kipimo.

Barua ya kupinga nimeshaituma, nimeomba picha ya kila katoni iliyorekebishwa. Na nimekokotoa katoni ya 38 kwa 28 kwa 20: hata ikituna na kila kipimo kikaongezeka sentimita moja, inatoa 4.75, inabaki ndani ya kilo 5. Vivuli vya kati vitaingia. Vile vikubwa haviingii, kwa hiyo kuanzia kesho nitavipangia nauli ya kilo 5.5, na mteja ataiona kabla hajalipa.