Tumbo la kila Jumanne

"Mwalimu, tumbo linauma."

Kwa wiki tatu mtoto mmoja wa miaka minane alinijia na maneno hayo hayo. Hana homa, hatapiki, na kengele ya mapumziko ikilia anakimbia na wenzake. Alipimwa hospitali, hakikuonekana kitu. Mwalimu wa darasa akaona anakwepa kazi, na simlaumu, maana anayesimama ubaoni anaangalia vichwa vyote kwa mpigo. Mimi ni mwalimu msaidizi. Navuta kiti kidogo nakaa ubavuni mwa mtoto, na ukiwa hapo unaona mengine: vidole vinavyominya kifutio, mguu usiotulia chini ya dawati, karatasi iliyofutwa mpaka ikatoboka.

Nikaanza kuandika siku na saa kwenye kijidaftari. Kumbe tumbo liliuma Jumanne tu, kabla ya kipindi cha kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Hakuwa anadanganya. Wasiwasi wa mtoto mdogo mara nyingi hutokea mwilini, tumboni au kichwani, kwa kuwa hajapata neno la kuuita. Maumivu anayasikia kweli. Ndiyo maana neno "anajifanya" linaniuma kila nikilisikia ofisini.

Hatukumwondoa kwenye kusoma. Ukimwepusha mtoto na kila kinachomtisha, anapata ahueni siku ile, lakini hofu inazidi kuota mizizi. Alianza kunisomea mimi peke yangu kwenye kona, kisha mimi na rafiki yake, kisha kikundi cha wanne. Kuna wiki tulirudi nyuma, tukaanza upya. Nilimfundisha pia kupumua: vuta pumzi, halafu itoe polepole kuliko ulivyoivuta, kama unayepuliza mshumaa bila kutaka uzimike.

Mtoto akiwa analia kwa hasira au hofu, wa kwanza kutulizwa ni mimi. Nashusha mabega, nashusha sauti, nakaa chini kuliko yeye. Wakati ule mawaidha hayamwingii, na ukimuuliza "kwa nini umefanya hivi?" unamwongezea mzigo. Namwambia tu, "Naona umeumia. Nipo." Maneno mengine yanaweza kusubiri robo saa.

Kosa ninalolibeba mpaka leo ni la mwaka wangu wa kwanza. Msichana aliniuliza, "Nikikuambia, hutamwambia mtu?" Nikamwahidi. Aliyoniambia yalihusu usalama wake, na sikuweza kunyamaza. Nikampelekea taarifa mwalimu anayeshughulikia ulinzi wa watoto. Ilikuwa lazima nifanye hivyo, ila ahadi sikupaswa kuitoa. Kwa miezi kadhaa hakuniangalia usoni. Siku hizi najibu hivi: "Mengine yatabaki kati yetu. Nikisikia unaumia, au kuna anayekuumiza, nitamwambia mtu wa kutusaidia, na nitakutajia ni nani kabla sijaenda." Wengi husema hata baada ya kusikia hivyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 35 wa umri huo, hao ni kama watano. Mimi si daktari wala mwanasaikolojia, kwa hiyo kwenye kijidaftari naandika nilichokiona, "amekula peke yake siku nne", siandiki "ana sonona". Mtoto akidokeza kwamba hataki tena kuishi, namuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo, lakini halimpandikizii. Simwachi peke yake hata dakika moja, na mwalimu wa ulinzi wa watoto anajulishwa saa ile ile.

Linalonisikitisha ni kwamba mtoto anapojadiliwa kikaoni, msaidizi aliyekaa naye muhula mzima mara nyingi haitwi. Yuko nje anasimamia mapumziko. Na yale tunayoyasikia huwa tunarudi nayo nyumbani. Uingereza kuna mafunzo maalumu kwa wasaidizi wanaoshughulikia hisia za watoto, na baada ya mafunzo wanaendelea kukutana mara kwa mara na mwanasaikolojia wa elimu, wakaeleza kesi zao na kushauriwa. Ningependa kila msaidizi apate hata saa moja ya namna hiyo kwa mwezi.

Yule mtoto wa Jumanne alisoma mbele ya darasa zima wiki ya mwisho ya muhula, akiwa amesimama. Katikati ya ukurasa alikwama kwenye neno moja, akanitafuta kwa macho. Sikumtajia. Akapuliza mshumaa wake, akaendelea.