Nani anailipia barua ya nyumba ya mwisho?

Gari langu la kazi lina usukani kulia. Siku ya mafunzo, hapa Ohio, mkufunzi alitutahadharisha kwamba tutababaika mwanzoni, na kweli wenzangu walibabaika. Mmoja aligonga pipa la taka kabla hajatoka uwanjani. Mimi nilikaa, nikafunga mkanda, nikahisi nimerudi Korogwe, kwetu Tanzania. Nilikuwa nimeendesha magari ya huku kwa miaka sita, usukani kushoto, na mwili wangu haukuwahi kukubali. Gari la posta ndilo lililonirudisha upande wangu. Limeundwa hivyo ili mpeleka barua aweze kufikia sanduku lililo kando ya barabara bila kushuka. Mengi ya magari haya yaliundwa kati ya 1987 na 1994. Hayana kiyoyozi, na mwezi wa Julai ukikaa humo umekaa kwenye tanuri.

Natimiza miaka tisa katika kazi hii. Njia yangu ina masanduku 618. La mwisho liko peke yake, mwisho wa barabara ya changarawe, ukishapita shamba kubwa la mahindi. Anakaa mzee mmoja aliyepigana vita vya Vietnam. Kutoka kwa jirani yake hadi kwake ni kama maili moja, kwa hiyo kwenda na kurudi ni maili mbili, na siku nyingi ninachompelekea ni karatasi moja ya matangazo ya dukani. Ila kila baada ya wiki kadhaa huja bahasha laini kutoka idara ya maveterani, na ukiishika unasikia vidonge vinacheza ndani ya chupa. Siku hiyo namkuta kasimama barazani tangu mbali. Hatuzungumzi sana. Ananipungia mkono, nami nampungia.

Nilimsimulia baba habari hii kwa simu. Baba alikuwa karani wa posta maisha yake yote ya kazi, na hakuchelewa:

"Mpaka mlangoni kwake?"

"Mpaka kwenye sanduku lake, baba. Siku sita kwa wiki."

"Na hizo maili mbili, mwanangu, anazilipa nani?"

Sikuwa na jibu la kueleweka. Nilianza kulitafuta usiku ule, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Kwetu mtu huifuata barua. Una S.L.P. yako, una ufunguo wako, unakwenda mjini siku ya gulio, unachungulia. Huku barua humfuata mtu, na hilo peke yake linaibadilisha posta nzima. Marekani sasa ina anwani zaidi ya milioni 160 za kupelekewa barua, na kila mwaka zinaongezeka zaidi ya milioni moja. Wakati huohuo barua za kawaida, zile za stempu kamili, zilifika kilele mwaka 2001 zikiwa zaidi ya bilioni 103. Leo hazifiki nusu ya hapo. Maana yake kwangu mimi mwenye mkoba ni kwamba milango inazidi na kilichomo mkobani kinapungua. Petroli ni ileile, magoti ni yaleyale.

Kabla ya 1970 posta ilikuwa wizara kamili, na pengo lake lilizibwa na hazina. Machi 18 ya mwaka huo wafanyakazi wa New York waligoma, mgomo ukasambaa hadi kuhusisha watu wapatao 200,000, na Rais Nixon akapeleka askari kuchambua barua. Agosti ikatoka sheria mpya iliyoigeuza wizara kuwa shirika linalopaswa kujitegemea kwa stempu zake. Wafanyakazi walipata haki ya kujadiliana mishahara, na hilo nalishukuru kila nikipokea wangu. Lakini wabunge hawakuacha kulipangia shirika kazi. Limebaki na wajibu wa kufika kila mahali kwa bei moja, na sheria ileile inakataza kufunga posta ndogo kwa sababu tu inaendeshwa kwa hasara. Wajibu mzuri. Ninauamini kabisa. Ndio unaonifikisha kwa yule mzee.

Kisha ikaja sheria ya Desemba 2006, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Bunge liliamuru mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, bei ya barua isipande kupita mfumuko wa bei. La pili, Posta iweke akiba ya matibabu ya wastaafu wake wa baadaye, zaidi ya dola bilioni 5 kila mwaka, kwa miaka 10. Mchukue mwenye daladala moja. Mwambie nauli haipandi kupita kiwango tulichokuwekea, na kila mwisho wa mwaka ulete pesa za kuwatibu makondakta watakapozeeka, zote sasa, hata kama abiria wamepungua. Miaka miwili baadaye uchumi wa dunia ukaanguka, makampuni yakahamishia ankara zao kwenye intaneti, na kufika 2012 Posta ikashindwa kulipa. Katika miaka hiyo magazeti yaliandika kwamba Posta ya Marekani imefilisika kwa sababu ya barua pepe. Barua pepe ilichangia, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya hasara iliyoandikwa vitabuni ilikuwa ile akiba iliyoamriwa na wabunge, na wabunge haohao ndio waliosimama kulaumu.

Nilipofika hapo nilimpigia baba tena, nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kunihadithia yake, ambayo nilikuwa nimeisikia vipandevipande tangu utoto.

Aliajiriwa kijana na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Kampala. Jumuiya ikavunjika 1977, wakabaki na Posta na Simu ya Tanzania. Kaunta yake Korogwe ilikuwa na kila kitu: stempu, telegramu, kibanda cha simu, vitabu vya akiba vya Benki ya Posta. Mkulima wa mkonge alituma hela kwao, akapiga simu, akaweka akiba, akanunua stempu moja, vyote kwa karani mmoja. Stempu ilikuwa ya bei nafuu kwa kuwa simu ilikuwa inaibeba. Halafu 1992 benki ikaanza kujitegemea. Januari 1994 shirika likagawanywa, simu ikaenda kampuni yake, usimamizi ukaenda kwenye tume yake, na posta ikabaki posta. Baba anasema: "Simu iliondoka na pesa, benki ikaondoka na watu, sisi tukaachiwa barua na majengo." Kugawanya huenda kulikuwa na hoja zake, simu ilihitaji mtaji ambao barua isingeupata kamwe, na msimamizi anayejitegemea ni jambo jema. Anachouliza baba ni kwa nini siku ya kugawana hakuna aliyeuliza stempu ya bei nafuu itabebwa na nani kuanzia hapo.

Na Marekani ilikwishafanya jambo linalofanana na hilo kimyakimya. Posta za huku zilikuwa na benki ya akiba tangu 1911, wahamiaji wengi waliweka pesa zao humo, na 1967 ikafungwa. Sikujua hadi nilipoanza kusoma. Njia yangu inapita mtaa ambao hauna tawi hata moja la benki, ila maduka ya mikopo ya haraka yapo mawili, na posta ipo.

Sasa usimamizi. Hili ndilo watu hulipita haraka, nami naona ndio mzizi. Juu ya Posta kuna Bodi ya Magavana: tisa wanaoteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, na wao humchagua Postamasta Mkuu, yaani mkuu wa shirika. Kuanzia Desemba 2016 hadi Agosti 2018 bodi hiyo haikuwa na gavana hata mmoja. Marais walikuwa hawajateua, au Seneti ilikuwa haijapitisha, viti vikaisha muda kimoja baada ya kingine. Shirika lenye wafanyakazi zaidi ya laki sita liliendeshwa bila waangalizi wake.

Chombo cha pili ni Tume ya Kusimamia Posta, makamishna watano. Kwenye bei ina nguvu. Novemba 2020 iliiruhusu Posta kupandisha bei kupita mfumuko, na tangu hapo stempu haikutulia: ilikuwa senti 39 mwaka 2006, na Julai 2025 ikafika senti 78, mara mbili kamili. Kwenye huduma, hali ni nyingine. Posta ikitaka kubadilisha jambo kubwa nchi nzima, sharti iombe maoni ya Tume, Tume inachunguza, inaita mashahidi, inaandika kurasa mamia, na Posta ina hiari ya kuyaweka kando. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2021 muda wa barua ya kawaida ulipoongezwa kutoka siku zisizozidi tatu hadi tano. Kisha vituo vikubwa vya kuchambulia vikaanza kufunguliwa, Richmond 2023, Atlanta 2024, na barua zikakwama kiasi kwamba Aprili 2024 maseneta walimkalisha Postamasta Mkuu kitini kumuuliza. Waliuliza maswali mazuri. Yalikuja barua zikiwa zimekwishachelewa.

Sheria ya Aprili 2022 ilirekebisha sehemu. Ilifuta deni la akiba lililokuwa limelundikana, kama dola bilioni 57, ikaandika siku sita kwa wiki kuwa sheria, na ikailazimisha Posta kuweka hadharani takwimu za kuwahi na kuchelewa, eneo kwa eneo. Mimi huangalia za eneo letu kila Jumatatu. Lakini mwaka wa fedha wa 2024 hasara ilikuwa dola bilioni 9.5. Akiba ile ya wastaafu haikuwepo tena ya kusingiziwa.

Ningepewa kusema, ningesema Tume ipewe meno: mabadiliko yanayogusa huduma ya nchi nzima yasianze mpaka yajaribiwe mahali pamoja, na Tume iwe na uwezo wa kuyasimamisha. Viti vya bodi viwe na tarehe ya mwisho ya kujazwa, na viwepo vya watu waliowahi kubeba mkoba au kukaa kaunta. Kaunta nazo zirudishiwe kazi, akiba ndogondogo, hati, huduma za wazee, kwa kuwa majengo yapo na watu wanayaamini. Na gharama ya nyumba ya mwisho itengwe wazi kwenye hesabu, isifichwe ndani ya stempu ya bibi anayetuma kadi ya Krismasi.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali la baba. Sheria ya 1970 haikulisahau. Iliweka kifungu cha pesa za umma kwa ajili ya kufika hata pale pasipolipa, na kifungu hicho hakijafutwa: hadi leo Posta inaruhusiwa kuomba hadi dola milioni 460 kwa mwaka. Mara ya mwisho kuzipokea ni 1982. Milioni 460 mbele ya bilioni 9.5 ni kidogo sana, naelewa. Ila kuziomba kungewalazimisha wabunge kulijadili lile jambo lenyewe, mbele ya watu, kila mwaka.

Nilimsomea baba kifungu hicho kwa Kiswahili, neno kwa neno kadiri nilivyoweza.

"Rudia hapo penye pesa," akasema. Nikarudia.

"Na mwaka huu wameziomba?"

"Hapana, baba."

"Basi waandikie."

Nimemwandikia mbunge wa eneo letu kwa mkono, kurasa mbili. Nimemweleza shamba la mahindi, changarawe, maili mbili, na vidonge vinavyocheza chupani. Nimenukuu namba ya kifungu. Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nilibandika stempu ya senti 78 na kuitia kwenye sanduku la bluu la posta pale kona ya maktaba.