Uzito Mbele

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wikendi iliyopita wenzangu wa kazini walinichukua mlimani kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vipande virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi ugenini, na majira ya baridi yaliyopita walinialika nikakataa kwa upole. Safari hii nilikubali.

Mabuti ya skii ni magumu kama plasta ya mguu uliovunjika. Ukishayabana kwenye skii zenyewe, mguu wako unageuka kitu kirefu usichokijua. Mwalimu alianza na kusimama: ncha za mbele zikaribiane, za nyuma zitanuke, ili skii zikwangue theluji na mwendo upungue. Hilo nililishika. Lililonishinda ni agizo la pili: weka uzito mbele.

Ukiutazama mteremko kutoka juu, mwili wenyewe unarudi nyuma. Hauombi ruhusa. Unaliona bonde, unaogopa, unakaa kama anayetafuta kiti. Hapo ndipo hatari ilipo, maana uzito ukienda nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, haziisikii tena theluji, na skii zinakukimbia. Nilianguka mara nyingi asubuhi ile, na karibu kila mara nilianguka kwa sababu nilikuwa najihami nisianguke. Mwalimu hakuchoka: kunja magoti, ugoko ugandamize ulimi wa buti, macho yatazame unakokwenda.

Moyoni nililitafsiri agizo lake kwa lugha yetu: egemea mbele. Na kuegemea ni jirani wa kutegemea. “Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe” (Mithali 3:5). Siku zote nilidhani akili hizo ni mawazo tu. Kumbe hata woga una akili zake, na zinasikika kama busara kabisa: rudi nyuma, ndiko salama.

Hivyo ndivyo nilivyoishi ugenini. Kazini, nyumbani, simu ya kwetu, kulala. Lugha yao nimejifunza ile ya kutosha kazi. Pazia sijanunua, kwani nakaa?

Waliohamishwa Babeli nao walitabiriwa kwamba hawatakaa. Nabii Hanania alitangaza kule Yerusalemu kwamba katika muda wa miaka miwili mambo yote yangerudi kama zamani (Yeremia 28). Nani asingependa kusikia hayo? Lakini barua ya Yeremia ilitaja miaka 70, tena ikaagiza: “Jengeni nyumba, mkae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake.” Kisha ikaagiza jambo zito zaidi, kwamba wautakie amani mji ule na kuuombea kwa Bwana (Yeremia 29:5-7). Mji wa waliowateka! Sioni kwamba Mungu aliwakataza kulia kwa kuikumbuka Sayuni; naamini machozi hayo aliyapokea. Ila bustani haipandwi na mtu aliyejivuta nyuma. Sharti uiname.

Mchana nilipanda lifti ya viti, vile vinavyoning'inia kwenye waya kupandisha watu mlimani, pamoja na dada mmoja wa ofisini. Meza zetu zinatazamana. Tukipita juu ya ile miti iliyofunikwa na theluji nilimtajia Zaburi 147:16, kwamba Mungu hutoa theluji kama sufu, nikidhani ni habari ya weupe tu. Akasema kwao hupanda ngano kabla ya baridi, na theluji huifunika miezi yote. Ndani yake mna hewa nyingi, kama sufu, hivyo baridi kali haiifikii miche. Nimeisoma zaburi hiyo miaka mingi bila kufikiri kwamba sufu ni ya kutia joto.

Akanyamaza. Kisha akaniambia baba yake anaumwa moyo. Tangu mwaka jana. Nami nimekaa mbele ya uso wake muda wote huo.

Jioni nilishuka mteremko mfupi kuliko yote bila kuanguka, ugoko ukiniuma kwa kugandamiza buti. Jumapili asubuhi, kwa kuwa ibada ilikuwa mbali, nilibaki chumbani na Yeremia 29, nikauombea kwa jina mji ninaokaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Jumatatu nilimwuliza dada yule baba anaendeleaje. Atafanyiwa upasuaji Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nilimwomba ruhusa niwaambie, akakubali. Wapendwa, saa hiyo tumkumbuke mzee huyo.