Dakika kumi za moshi, jioni nzima ya kudeki

Mama hupiga simu Jumapili jioni. Siku hiyo, miaka kadhaa iliyopita, alinikuta jikoni kwangu hapa Birmingham, birika likichemka kwa mara ya tatu, mtutu wa bunduki umesimama ndani ya ndoo.

"Maji gani hayo yanalia, mwanangu?"

"Naosha bunduki, mama."

Kimya. Halafu kwa sauti ya chini, kama vile kuna mtu anatusikiliza: "Unamwogopa nani huko?"

Nilicheka, lakini swali lake ndilo hilohilo alilokuja nalo afisa wa polisi aliyenitembelea kabla sijapewa cheti, ila yeye alilizungusha kidogo. Hapa Uingereza ukisema unataka bunduki ili ujilinde, maombi yako yameishia hapo. Sababu inayokubalika ni kama kulenga shabaha kwenye klabu iliyoidhinishwa, na klabu yenyewe haikupokei tu kwa kuwa umelipa ada. Unakaa mwanachama wa majaribio miezi mitatu kwa uchache, wakikutazama unavyoshika, unavyoelekeza mdomo wa mtutu, unavyokasirika ukikosa. Daktari wako anaulizwa habari zako. Afisa anakuja nyumbani kuona kabati la chuma limefungwa wapi na ufunguo unakaa kwa nani. Mimi ni Mtanzania ninayekaa nyumba ya kupanga, na nilijiandaa kwa mahojiano yale kuliko nilivyojiandaa kwa viza. Cheti ni cha miaka 5, na kila bunduki imeandikwa humo kwa namba yake.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni jirani, fundi wa reli mstaafu. Aliniomba nimsaidie kubeba meza, nikaona ukutani bunduki ndefu yenye wenzo chini ya mkono, Martini-Henry, aina iliyopitishwa kwa jeshi la Uingereza mwaka 1871. Anataka nimwite kwa jina lake la kwanza. Nimeshindwa. Namwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alifurahi, sasa klabuni wote wanamwita hivyo.

Yeye ndiye aliyenieleza maajabu ya sheria yao. Bunduki ya kale ya aina ile, ikitundikwa tu kama pambo, haihitaji cheti. Sheria ya silaha ya 1968 imeiachia mlango. Lakini siku mwenyewe anapoamua kuipiga, inakuwa silaha kamili na lazima iingie kwenye cheti. Chuma kilekile, ukuta uleule, kilichobadilika ni nia ya mtu. Ajabu nyingine ni bastola. Baada ya mauaji ya watoto wa shule kule Dunblane mwaka 1996, bastola karibu zote zilipigwa marufuku mwaka uliofuata kwa raia wa Uingereza bara. Zile za kushindilia baruti kwa mbele zikaachwa. Ndiyo maana ukifika klabuni kwetu utawakuta wazee waliokuwa mabingwa wa bastola za kisasa wakijaza vyumba vya bastola ya mtindo wa miaka ya 1850, kimoja kimoja, kwa subira ya mtu anayejaza chumvi kwenye vikebe.

Mimi nilichagua bunduki ya kushindilia, nakala ya Enfield ya 1858 yenye pete mbili za kushikilia mtutu kwenye mbao. Imetengenezwa na Parker-Hale, hapahapa Birmingham. Si ya kale kweli, ila kazi zake zote ni za kale.

Sasa niseme kilichonishika hasa, maana si mlio. Ni maneno. Nimekua nikisikia Kiswahili cha wazee, na kina maneno ambayo sikuwahi kuyaona yakifanya kazi. Gumegume: kwetu ukimwita mwanamume gumegume umemtukana, hafai kitu. Kumbe gumegume ni bunduki ya jiwe la kutoa cheche. Fataki: vijana wa Tanzania wakisikia neno hilo wanamfikiria mtu mzima anayenyemelea wanafunzi, na wengine wanafikiria fashifashi za mwaka mpya. Fataki ni kile kikofia kidogo cha shaba kinachovishwa kwenye kifa, kikigongwa na nyundo kinatupa moto ndani. Shura ndiyo chumvi inayofanya baruti iwe baruti. Na mdeki ni ule ufito wa kushindilia. Nilikuja kuyafahamu maneno ya lugha yangu nikiwa nimesimama kwenye matope ya Uingereza, nimeziba masikio.

Ajabu yake inapungua ukijua historia ya mji huu. Kuna mtaa mzima katikati ya Birmingham unaoitwa Gun Quarter, na karne ya 18 na 19 mafundi wake walitengeneza bunduki nyingi mno za kupeleka Afrika, pamoja na zile zilizobadilishwa kwa watumwa upande wa magharibi. Nyumba ya kujaribia mitutu, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813, bado ipo: kila mtutu hupigwa kwanza kwa kipimo kizito kuliko cha kawaida, ukivumilia unagongwa muhuri. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha bora zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa. Kwa hiyo lile tusi la "gumegume" huenda si la bure. Ndiyo tuliyoruhusiwa.

Kwenye mstari wa kupigia, utaratibu ni huu. Baruti haimiminwi kwenye mtutu kutoka kwenye pembe au chupa kubwa, hata siku moja, kwa sababu chembe moja ya moto iliyobaki ndani inaweza kukulipulia chupa nzima mkononi. Unakuja na vichupa vilivyokwisha pimwa nyumbani, kila kimoja mlio mmoja. Baruti, kisha risasi, kisha mdeki, na kichwa chako hakisogei juu ya mdomo wa mtutu. Risasi lazima ikalie baruti kabisa. Ukiacha uwazi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Fataki inavishwa mwisho, bunduki ikiwa imeshaelekea shabaha. Mlio usipotoka, hushushi bunduki. Unasubiri, mtutu umeelekea mbele, kwa sababu moto wakati mwingine unachelewa njiani.

Wanajeshi wa Enfield enzi zile walitumia baruti greni 68, karibu gramu 4.4, nyuma ya risasi ya greni 530, karibu gramu 34. Hesabu hizo ni za historia. Bunduki yako ina maelekezo yake, yafuate hayo.

Na baruti yenyewe ni nyeusi tu. Ile isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, shinikizo lake ni la dunia nyingine. Kuitia kwenye mtutu wa namna hii ni kujitengenezea bomu la kushika karibu na shavu. Klabuni hawana mzaha kwenye hili. Mtu akija na chupa isiyo na lebo anarudishwa nayo getini.

Aibu yangu ilitokea mwezi wa pili. Mzee ananisimulia habari za treni za mvuke, mimi naitikia huku nashindilia. Nikavisha fataki, nikalenga, ta! Kilio cha kofia tu. Nikasubiri kama nilivyofundishwa. Nikavisha nyingine, ta! Mzee akanyamaza, akaomba mdeki wangu. Mdeki una alama mbili za kisu: moja inaonyesha mtutu mtupu, ya pili mtutu uliojaa sawasawa. Tulipouingiza, alama ya pili ilikuwa imezama ndani. Nilikuwa nimeshindilia risasi bila baruti. Risasi ikatolewa kwa kufunga skrubu kwenye ncha ya mdeki, kuizungusha ndani ya risasi na kuvuta, watu wanne wakitazama na mmoja akipiga picha. Tangu hapo nikiwa nashindilia siongei na mtu, hata akiwa Mzee.

Risasi tunazimimina wenyewe. Lazima iwe ya madini laini ya risasi, yasiyochanganywa na bati, ili msukumo wa gesi uipanue kitako chake ishike mifereji. Inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na adui yake ni tone la maji: likiingia kwenye chungu linageuka mvuke ghafla na kukurushia madini usoni. Kwa hiyo mlango wazi, miwani, glavu, na kunawa mikono kabla hujagusa hata kikombe cha chai, maana ile ni sumu inayoingia polepole.

Halafu mafuta ya kupaka risasi. Haya ni mambo ya kisiasa! Mwaka 1857, kule India, uvumi kwamba vifuko vya risasi za Enfield vimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ulisaidia kuwasha uasi mkubwa wa askari, kwa kuwa mafunzo yalitaka kifuko kichanwe kwa meno. Mimi nachanganya nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Mzee aliniuliza kwa nini kondoo, nikamjibu kwamba kwetu sote tunaweza kuyashika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesoma historia hiyo.

Martini yake inanifundisha kazi nyingine, ya kujaza maganda upya. Maganda ya asili yalikuwa ya karatasi nyembamba ya shaba iliyokunjwa, na yalijulikana kwa kukwama chumba kikipata moto na uchafu. Pale Abu Klea, Sudan, Januari 1885, jambo hilo liliwaponza Waingereza vibaya. Sisi tunatumia maganda mazima ya shaba, mengi yao yametokana na ganda la bunduki ya marisaa ya geji 24 lililobanwa hadi likapata shingo. Shingo hupashwa moto mara kwa mara ili ilainike isipasuke. Kisha fataki mpya nyuma, baruti, kadi, kibonge cha nta, kadi tena, risasi iliyovishwa karatasi. Ishirini zinatuchukua mchana mzima. Mzee haruhusu redio.

Moshi ule mweupe mzito hunirudisha Tanga. Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walipigana pale wakiwa na Mauser za 1871, za baruti nyeusi, dhidi ya watu wenye bunduki zisizo na moshi. Kila ukifyatua unamwambia adui ulipo. Hilo nililisoma shuleni kama sentensi. Nilipopiga mara ya kwanza asubuhi isiyo na upepo, nikakaa ndani ya wingu langu mwenyewe sioni shabaha wala jirani, nikaelewa jinsi askari yule alivyokuwa uchi. Walishinda, na wakakusanya mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa.

Ila mapenzi ya bunduki hizi yanapimwa nyumbani, kwenye ndoo. Baruti nyeusi ni shura 75 kwa mia, makaa 15, kiberiti (yaani salfa) 10, na zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi gesi: inakuwa moshi na masizi yenye chumvichumvi. Masizi hayo yanavuta unyevu wa hewani, na katika nchi yenye unyevu kama hii kutu haisubiri kesho. Kosa la wageni, na mimi nilikuwemo, ni kukimbilia mafuta. Mafuta ya mashine yakikutana na masizi haya yanakuwa uji mweusi, na chumvi inabaki chini yake ikila chuma kwa starehe.

Dawa ni maji. Ya moto, yenye sabuni kidogo. Unatoa kifa, unaweka kitako cha mtutu ndani ya ndoo, unasukuma kitambaa juu na chini kwa mdeki, na mtutu unanyonya maji na kuyatema kama pampu. Kwa kweli unadeki. Maji ya kwanza yanatoka meusi na yananuka yai viza. Ukikaa nyumba ya kupanga, fungua dirisha. Unabadilisha hadi yatoke kama yalivyoingia. Maji ya mwisho yanakuwa karibu na kuchemka, ili chuma kipate moto na kijikaushe chenyewe hadi kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Hapo ndipo mafuta yanaruhusiwa. Mbao hazipendi maji kabisa. Zinafutwa, zinapakwa mafuta ya kitani kidogo sana na kiganja cha mkono.

Baruti iliyobaki inarudi mahali pake. Ina cheti chake cha pili, cha vilipuzi, na sanduku lake ni la mbao nene lenye vyumba. Mama alishangaa kwa nini si la chuma. Ndani ya chuma kilichobana, moto ukiingia gesi haina pa kutokea, sanduku zima linakuwa bomu. Mbao inachelewesha joto na inaachia.

Bunduki ikishaoshwa hailali kabatini moja kwa moja ikasahauliwa. Jumatatu nikitoka kazini napitisha kitambaa kikavu, hata nikiwa nimechoka, hata nikiwa nina hakika.

Mama haulizi tena namwogopa nani. Jana amepiga Jumatatu badala ya Jumapili, kwa ajili ya mambo ya shamba, na kabla ya kukata akauliza kama kile kitambaa cha siku ya pili kimetoka cheupe. Nikakiangalia kwenye taa. Rangi ya chai ya rangi.

"Basi weka maji jikoni," akasema.