Kinachobaki Baada ya Kutoa

Masomo ya juma: Marko 12:41-44, 2 Wafalme 15:17-22, Luka 19:1-10

Wapendwa katika Kristo,

Kuanzia Julai 2023, Sheria ya Fedha ya Kenya iliongeza ngazi mbili za ushuru wa mapato kwa watu wenye mishahara mikubwa. Sehemu ya mapato ya mwezi iliyo kati ya shilingi 500,000 na 800,000 ilianza kutozwa asilimia 32.5, na kila shilingi inayozidi hapo ikatozwa asilimia 35, ilhali hapo awali kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 30. Tangu siku hizo swali limekuwa likirudi katika vikundi vya kujifunza Neno: je, ni haki mbele za Mungu mwenye vingi atozwe kwa kiwango kikubwa kuliko mwenzake? Mimi naamini ni haki. Naamini pia kwamba sheria hiyo iliwapita matajiri wengi bila kuwagusa, na jambo hilo linanihuzunisha kuliko kiwango chenyewe.

Wanaopinga wana andiko zito, na si vyema kulipita haraka. Katika Kutoka 30 kila mwanamume aliyehesabiwa, tangu umri wa miaka 20, aliagizwa atoe nusu shekeli. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Lakini tuangalie nusu shekeli hiyo ilikuwa ya nini. Ilikuwa fidia ya nafsi, na nafsi ya tajiri haina thamani kubwa kuliko ya maskini, ndiyo maana kiasi kikawa kimoja kwa wote. Torati hiyo hiyo inapofika kwenye sadaka ya hatia, katika Walawi 5, inampima mtu kwa uwezo wake: anayeweza alete kondoo au mbuzi wa kike, asiyeweza alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na aliyeshindwa hata na hao alete unga, sehemu ya kumi ya efa. Mariamu na Yusufu, walipompandisha mtoto Yesu hekaluni, walitoa sadaka ya ndege, ile iliyoruhusiwa kwa mama asiyeweza kumpata mwana-kondoo. Wengine hutaja zaka, kwamba ilikuwa sehemu moja ya kumi kwa kila mtu, nao wanasema kweli. Ila mwenye shamba alikuwa na wajibu mwingine juu ya zaka, kwa kuwa alikatazwa kuvuna pembe za shamba lake na kuokota masazo, yabaki kwa maskini na mgeni. Asiye na shamba hakudaiwa lolote kati ya hayo.

Habari ya mjane katika Marko 12 inahusu sadaka, si ushuru, na sitaki kuibebesha yasiyokuwamo. Hata hivyo inatufundisha namna Bwana anavyohesabu. Matajiri walitia mengi, na Yesu hakukana kwamba yalikuwa mengi. Alisema walitoa katika mali iliyowazidi, na mjane alitoa riziki yake yote. Macho yake yalikuwa kwenye kile kinachobaki mkononi baada ya kutoa. Tukihesabu kwa jicho hilo, mtu ambaye mapato yake yanayotozwa ushuru ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi aliongezewa na ngazi hizo mpya shilingi 17,500: yaani 7,500 kwa ngazi ya kwanza na 10,000 kwa ya pili. Ushuru wake wote wa mapato ukafika takriban 309,900, na akabaki na takriban 690,000 kabla ya makato mengine. Mwenye mapato ya 30,000 alilipa 1,500 baada ya kupunguziwa nafuu ya kila mlipaji, akabaki na 28,500. Ni kweli kwamba wa kwanza alitoa mara mia mbili ya yule wa pili, na anastahili heshima kwa hilo. Lakini sheria hiyo hiyo ya 2023 ilipandisha VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya mafuta ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli ya matatu haimwulizi abiria mshahara wake. Shilingi 17,500 hazikuondoa sahani mezani pa yule wa kwanza. Nyongeza ya nauli, kwa mtu mwenye 28,500 anayelipa kodi ya chumba na karo ya watoto, huenda ikaiondoa.

Nasema haya nikijua kwamba Walawi 19:15 inatukataza kumpendelea maskini katika hukumu, kama inavyotukataza kumstahi mwenye nguvu. Asiye na kitu hana ruhusa ya kushangilia ushuru wa jirani yake kwa sababu tu anamwonea wivu. Mwuguzi mkuu au mhandisi aliyesoma miaka mingi na kulipwa vizuri hajamkosea mtu kwa kulipwa vizuri. Hoja ya Luka 12:48 ni nyingine kabisa: aliyepewa vingi, kwake vitatakwa vingi, na anayevitaka ni yule aliyempa.

Sasa tumwangalie Menahemu, mfalme ambaye mahubiri yetu humtaja mara chache. Pulu mfalme wa Ashuru alipoijia nchi ya Israeli, Menahemu alimpa talanta elfu moja za fedha ili authibitishe ufalme mkononi mwake, na fedha hizo akawatoza matajiri wote wa nchi, kila mmoja shekeli 50. Kwa kuwa talanta ilikuwa shekeli 3,000, hesabu inatupa watu kama 60,000 waliolipa. Maskini hawakuguswa, na kwa kipimo cha leo tungeweza kusema kwamba huo ulikuwa ushuru wa haki. Lakini Maandiko yanasema Menahemu alifanya yaliyo mabaya machoni pa Bwana, na fedha ile haikujenga ukuta wala kumlisha yatima. Ilinunua kiti cha mfalme. Kwa hiyo kuwatoza matajiri peke yake hakuifanyi serikali kuwa ya haki, na ndugu anayesema, "Nitalipaje zaidi ilhali fedha zinaibwa?" hajasema neno la ubahili. Amesema neno la kinabii, mradi asiligeuze kuwa ruhusa ya kuficha mapato yake. Fedha ya umma inapoibwa, mwenye uwezo humhamishia mtoto wake shule ya binafsi na humpeleka mgonjwa wake hospitali ya kulipia. Anayekosa dawa katika zahanati ni yule yule wa shilingi 28,500. Tudai hesabu kwa sauti kubwa, tena tukiwa tumelipa.

Hapa ndipo huzuni yangu ilipo. Ngazi za asilimia 32.5 na 35 humpata kwa uhakika mtu wa mshahara, kwa kuwa mwajiri humkata kabla hajaiona fedha yake. Mwenye nyumba za kupangisha anayekusanya kodi ya pango ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, hukaa katika utaratibu mwingine, ambao humtoza asilimia 7.5 tu ya kodi anayokusanya. Sheria hiyo hiyo ya 2023 ndiyo iliyokishusha kiwango chake kutoka asilimia 10, kuanzia Januari 2024. Huyo hulipa 75,000, huku mwajiriwa mwenye kiasi hicho hicho akilipa zaidi ya 309,000. Ni kweli kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kuondoa gharama zake za ukarabati na riba ya mkopo kabla ya kutozwa, na haki inatudai tuliseme hilo. Lakini tofauti ya zaidi ya shilingi 230,000 kila mwezi haielezwi na rangi na mabomba. Mkaazi wa Kenya anayepokea gawio la hisa hukatwa asilimia 5, basi. Tunapouliza kama matajiri walipe ushuru mkubwa zaidi wa mapato, yatupasa kwanza tuulize ni mapato yapi, kwa sababu utajiri mkubwa haupatikani sana katika karatasi ya mshahara.

Katika miaka hii jina la Zakayo lilitamkwa barabarani kama kejeli kwa watawala, wakiimbiwa washuke mtini. Naelewa uchungu uliozaa wimbo huo. Hata hivyo Luka anasema Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, naye ni tajiri, na sehemu hiyo ya pili tunaisahau. Alipompokea Yesu, hakungoja mkaguzi. Alisimama mwenyewe, akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila alichonyang'anya kwa hila akaahidi kurudisha mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22 iliweka kwa mwizi wa kondoo. Aliijua hesabu ya udhalimu wake kwa sababu vitabu alivishika yeye.

Miongoni mwetu wamo wenye nyumba, wenye hisa na wenye biashara, na baadhi yao ndio nguzo za ujenzi wa makanisa yetu. Kwao nasema kwa upendo: ushuru wa kodi ya nyumba hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mchango mkubwa wa harambee haujazi pengo la vyumba visivyotajwa kwa Mamlaka ya Ushuru. Na kwetu sote: kila mwaka kabla ya Juni, Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa hupokea maoni ya wananchi juu ya Mswada wa Fedha. Mwaka ujao, pamoja na kuomba unga na mkate visitozwe, tuandike pia kwamba shilingi milioni moja ya kodi ya nyumba itozwe kwa kiwango kinachokaribia kile cha shilingi milioni moja ya mshahara, baada ya gharama halali kuondolewa, na tutie sahihi zetu, wenye nyumba wakitangulia.