Inchi tatu za mninga

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua banda letu la useremala hapa Mabatini, Mwanza, nafagia maranda ya jana, namwachia kijana kazi ya kupiga msasa stuli, nakunywa chai ya rangi na chapati mbili.

Saa 2 anaingia mama mwenye kitanda. Anataka tano kwa sita, mninga, chaga za msonobari ili gharama ishuke. Makadirio nilimwandikia juzi. Leo kaja na daftari lake.

"Fundi, kitanda ni futi sita. Ubao una futi kumi na mbili. Si unatoa mbavu zote mbili za pembeni? Huo ubao wa pili wa nini?"

Hapo tulikaa hadi saa 4 kasoro.

Jamani, futi sita ni za godoro. Mimi naliachia inchi 73 ili shuka ipate pa kuchomekwa. Halafu kila ncha ina ulimi wa inchi 2 unaozama kwenye tundu la mguu. Jumla 77. Mbili ni 154, na ubao mzima una 144. Niunge katikati kwa gundi, pale pale watu wanapokalia? Kwa hiyo kila ubao natoa ubavu mmoja, na kwenye inchi 67 zinazobaki natoa mbao ya upande wa kichwani au miguuni, inchi 64. Zinasalia 3, na msumeno nao unakula chake.

Nilimchorea yote kwa chaki juu ya meza. Akaangalia, akasema, "Mafundi mna maneno." Akatoa advansi ya laki mbili, kaihesabu mara mbili.

Saa 5, yadi ya mbao. Mninga wa Tabora huo, rundo hadi begani. "Chagua fundi, zote ni zile zile." Si zile zile hata kidogo. Ncha za ubao hukauka haraka kuliko katikati, kwa hiyo hupasuka vichwani. Kwangu leo ufa wa inchi tatu tu unaua hesabu yote. Nikapangua rundo ubao mmoja mmoja: huu una ufa, huu nikiufumbia jicho moja naona umejikunja kama mkia wa mbwa, huu una weupe mpana pembeni, chakula cha wadudu. Muuzaji kachoka: "Fundi, unachagua mbao au mchumba?" Nilipata wa kwanza mapema. Wa pili ulikuwa chini kabisa, bila shaka.

Mvua ikatoka ziwani toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, ikiwa imeshapakiwa. Dereva anataka nyongeza, turubai halitoshi, na njia ya bandani kutoka barabarani ni mawe matupu, haipandi. Tulibeba begani. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Wali ulikuwa wa baridi.

Jioni nikapima mara tatu, nikakata. Zikatoka sawasawa. Vikabaki vipande viwili, kila kimoja pungufu kidogo ya inchi 3.

Saa 3 usiku simu: "Fundi, mbao zilizobaki usitupe. Ni zangu."

Nimevifunga kwenye gazeti.