Chungu cha Nyuma ya Baa

Jumamosi iliyopita nilirudi Walukuba, mtaa wa Jinja nilikozaliwa, kumjulia hali shangazi yangu, na jioni ilipoingia nikajipa ruhusa ya kwenda kwenye baa iliyo karibu na soko, ile ambayo utotoni nilikatazwa hata kupita mbele yake. Haja yangu ilikuwa ndogo: bia moja ya baridi, samaki mmoja wa kukaanga, kisha nikalale. Sikuwa nimekumbuka kwamba Arsenal walikuwa wanacheza.

Viti vyote vya plastiki vilikuwa na watu, na vile vichache vilivyokuwa vitupu vilikuwa vimetundikwa makoti ya waliotoka kwenda msalani. Niliagiza Nile Special, kwa kuwa mtu wa Jinja akiagiza bia nyingine huonekana kama anawakana jamaa zake wa Njeru, ng'ambo ya mto, kilipo kiwanda, kisha nikaagiza ngege, yaani sato, wa kiasi. Mhudumu aliifungua chupa mbele ya macho yangu, kama ilivyo desturi, na kwa kuwa sikuwa na meza akanitilia kizibo mkononi. Kuhusu samaki alisema nisubiri dakika 20. Nilizikubali dakika hizo kwa moyo mweupe, na saa nzima baadaye nilikuwa bado nimeegemea ukuta, bia imeshapata joto la kiganja changu, na kila sinia lililotoka jikoni likinipita.

"Kijana, mbona umesimama kama askari wa zamu? Njoo ukae huku."

Aliyeniita alikuwa mzee mmoja aliyeketi ua wa nyuma, pamoja na wenzake wapatao saba waliozunguka chungu cha malwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija. Nikasogea, nikaamkia, nikapewa kigoda. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiswahili, na jambo hilo halikunishangaza, ingawa najua linawashangaza marafiki zangu wa Kampala, ambao wengi wao walikua wakiambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Mtaa wetu ulijengwa enzi za wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi, wakati Jinja ilipokuwa ikipata viwanda na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Watu walitoka Teso, West Nile, Busoga na hata Kenya, wakapangwa nyumba ukuta kwa ukuta, na hapakuwa na mwenye haki ya kumlazimisha jirani yake ajifunze lugha ya kwao. Kwetu sisi Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombea chumvi.

Mzee aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia baba yangu, alinyamaza kidogo, akaonyesha kwa mrija wake sehemu iliyo karibu na ukuta, akasema, "Yule wa kiwanda cha nguo. Alikuwa anakaa pale, kwa sababu ya mgongo." Nilikuwa najua kwamba baba alikunywa malwa, kwa kuwa harufu yake ya uchachu ilikuwa ikiingia naye nyumbani na mimi nikiionea haya, nikiapa kwamba nikianza kupata mshahara nitakunywa kitu chenye chupa na nembo. Lakini habari za mgongo sikuwahi kuzisikia.

Nikaisukuma chupa yangu chini ya kigoda. Mama mwenye chungu alinipa mrija mrefu kuliko mkono wangu, wenye kichujio kidogo kwenye ncha ya kuzuia machicha ya wimbi, kisha akaongeza maji ya moto kutoka kwenye birika, povu likapanda hadi ukingoni na mirija yote ikatulia kwa muda, kama watu wanaopisha mgonjwa. Mzee alinipa masharti mawili: usipulize, na usikoroge. Malwa ilikuwa ya moto, kali kidogo, na iliacha unga mwembamba juu ya ulimi. Sitadai kwamba niliipenda pale pale. Mzee mwingine alisimulia jinsi baa zilivyofungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na kila mmoja wao akawa ananywea nyumbani kwake kwa kikombe. "Ile haikuwa malwa," alisema. "Ulikuwa uji uliokasirika."

Samaki alifika baada ya saa moja na robo, na hapo ikabainika kwamba wa kwanza alikuwa amepelekwa kwenye meza nyingine na kuliwa. Huyu wa pili alikuwa amechanjwa mbavuni ili chumvi ipenye, mkia umekauka hadi unavunjika kama biskuti, na pembeni kachumbari, ndimu na vipande vya ndizi za gonja. Sinia liliwekwa kwenye benchi katikati yetu, nami sikuwa na ujasiri wa kulivuta kwangu. Tulinawa kwa zamu kutoka kwenye jagi, mikono ikaingia, na mimi mwenye samaki nikaambulia mkia na nyama ya shavu, ambayo kwa kweli ndiyo tamu kuliko yote.

Wakati wa kulipa niliandikiwa samaki wawili. Nilijaribu kueleza kwa upole, mhudumu akashikilia kwamba wawili ndio waliotoka jikoni kwa jina langu, na kelele za mpira zikafanya tuonekane kama tunagombana zaidi ya tulivyokuwa tukigombana. Mzee aliyeniita ndiye aliyeamua. Aliinama juu ya sinia, akakiinua kichwa cha ngege alichokuwa amekwisha kukifyonza hadi macho, akamwonyesha.

"Binti yangu, hesabu vichwa."

Binti akacheka, akafuta mmoja. Nililipa, nikaagana nao mmoja mmoja, na nilipokuwa karibu na mlango wa shangazi ndipo nilipokumbuka kwamba bia yangu nimeiacha chini ya kigoda, ikiwa imepungua robo tu.